Tairi Jipya kwa Pikipiki ya Zamani: Usidanganywe na Weusi Wake

Mtu akinunua shati lisilomkaa vizuri, hasara yake ni kuchekwa siku moja. Akinunua viatu vinavyombana, atachechemea mchana na jioni atavivua. Lakini mwenye pikipiki ya mbio akikosea kuchagua tairi, huenda kosa lake likamdhihirikia akiwa katikati ya kona, mvua inanyesha, na lori linakuja mbele yake.

Gari lina miguu minne. Pikipiki ina miwili tu, na sehemu ya kila tairi inayogusa lami kwa wakati mmoja haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Breki, kona, uzito wa mpandaji na wa yule aliyempakia nyuma, vyote hutegemea viganja hivyo viwili. Kwa hiyo si ajabu kwamba mafundi wenye busara husema kuwa tairi ndiyo sehemu ya kwanza ya kutazamwa katika pikipiki, injini baadaye.

Katika miji yetu, mbali na maelfu ya bodaboda tunazozijua, wapo watu wanaotunza pikipiki kubwa za mbio zilizotengenezwa Japani katika miaka ya 1980. Wengine walirithi, wengine waliziokota zikiwa zimefunikwa na vumbi gerejini wakazifufua. Injini za mashine hizo ni ngumu. Ukizibadilishia oili kwa wakati, hunguruma kama zamani. Matatizo huanza siku tairi linapokwisha. Mwenye pikipiki huingia dukani, akaambiwa kwamba saizi yake haipo, kisha akaonyeshwa nyingine "inayokaribiana". Hapo ndipo yampasa mtu asimame afikiri.

Saizi zilizopitwa na wakati

Hebu tuchukue mfano wa pikipiki moja ambayo wengi wameiona hata kama hawajui jina lake. Mwaka 1984 kampuni ya Kawasaki ilitoa pikipiki iitwayo GPZ900R, na kule Marekani wakaiita Ninja. Injini yake ilikuwa ya sentimita 908 za ujazo, yenye silinda nne na vali 16, ikipozwa kwa maji, na nguvu zake zilikaribia za farasi 115. Ilipita kilomita 240 kwa saa, mwendo ambao siku hizo ulikuwa wa ajabu kwa chombo kinachouzwa dukani. Waliotazama filamu ya Top Gun ya mwaka 1986 watakumbuka pikipiki aliyoipanda Tom Cruise akishindana na ndege. Ni hiyo. Kawasaki waliendelea kuiunda hadi mwaka 2003.

GPZ900R ya kwanza ilitoka kiwandani ikiwa na tairi la 120/80-16 mbele na la 130/80-18 nyuma. Yaani gurudumu la mbele lilikuwa la inchi 16 na la nyuma inchi 18. Kwa nini tofauti hiyo? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi wa mashindano walipenda gurudumu dogo la mbele kwa kuwa ni jepesi kuligeuza kuingia katika kona. Mtindo ukatoka katika viwanja vya mbio ukaingia barabarani. Honda waliuweka katika VF750F ya mwaka 1983, na Yamaha wakafanya vivyo hivyo katika FJ1100 ya mwaka 1984. GSX-R750 ya Suzuki ya mwaka 1985 ilikuja na inchi 18 mbele na nyuma. Mwaka 1987 Honda wakatoa CBR600F yenye inchi 17 mbele na nyuma, na saizi hiyo ndiyo iliyoshinda. Mpaka leo, pikipiki za mbio karibu zote huvaa inchi 17.

Matokeo yake ni kwamba pikipiki za miaka ile michache zimebaki kama yatima. Mwenye duka huagiza kinachouzika, na kinachouzika ni 120/70-17 mbele na 180/55-17 nyuma. Inchi 16 ya mbele akiwa nayo, aghalabu ni ya pikipiki nzito za kutembelea polepole, si ya mbio.

Kisha iko hatari nyingine ndogo ambayo imewaponza wengi. Mwaka 1990 GPZ900R ilibadilishwa, ikapewa gurudumu la mbele la inchi 17. Jina ni lile lile na umbo ni lile lile, lakini tairi si lile. Kwa hiyo usiende dukani ukataja jina la pikipiki peke yake. Inama, safisha matope, usome namba zilizochorwa kwenye ringi yenyewe na zile za kibandiko cha kiwandani. Usitegemee hata tairi lililomo, kwani huenda mwenye pikipiki wa kabla yako ndiye aliyekosea.

Namba za ubavuni

Wengi huziona namba za ubavuni mwa tairi kama maandishi ya wachawi, kumbe zinasomeka kwa urahisi. Chukua tairi la nyuma lililoandikwa 130/80-18 66V. Namba ya kwanza, 130, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 80, yaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 104. Namba 18 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Namba 66 ni uzito ambao tairi laweza kuubeba. Si kilo 66, bali ni alama iliyo katika orodha ya viwanda, na maana yake ni kilo 300. Herufi V maana yake ni mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa. H ni 210, S ni 180, na P ni 150.

Pikipiki za zamani zaidi zilitumia namba za inchi. Honda CB750 ya mwaka 1969, kwa mfano, ilikuwa na 3.25-19 mbele na 4.00-18 nyuma. Kwa hesabu za siku hizi, 3.25 hulingana takriban na 90/90, na 4.00 hulingana na 110/90.

Sasa tazama hesabu inavyoweza kumwokoa mtu. Mwenye GPZ900R ya kwanza akose tairi la 120/80-16, auziwe la 130/90-16 kwa sababu "yote ni inchi 16". Ni kweli litaingia kwenye ringi. Lakini tairi la asili lina kimo cha milimita 598 toka ardhini hadi juu, na hili jipya lina milimita 640. Mbele ya pikipiki itainuka zaidi ya sentimita mbili, usukani utakuwa mzito kwenye kona, na huenda tairi likakwaruza madigadi. Tena, katika pikipiki nyingi za siku hizo kipima mwendo huendeshwa na gurudumu la mbele. Kikikuonyesha kilomita 100, wewe hasa unakwenda 107. Haya yote yameletwa na tofauti ya namba mbili tu.

Herufi ya mwendo nayo isipuuzwe. Kuna wanaosema, "Mimi siendi kasi, ya nini tairi la V?" Lakini herufi hiyo haihusu kasi peke yake. Hueleza jinsi tairi linavyostahimili joto na msukosuko. Pikipiki yenye kilo 228 bila mafuta, ukimweka mpandaji, mwenzake na tangi lililojaa, inakaribia kilo 400. Tairi la pikipiki ndogo ya kubebea abiria halikuumbwa kwa kazi hiyo, hata likiwa na kipenyo kile kile cha inchi 18.

Fahari ya upana

Adui mwingine ni fahari. Vijana wameona pikipiki za leo zenye tairi la nyuma pana kama mto wa kulalia, wakapenda na zao zionekane hivyo. Lakini tairi la 180/55 lilikusudiwa ringi yenye upana wa inchi tano na nusu. Ringi ya nyuma ya pikipiki nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na upana wa inchi tatu hivi.

Ukilazimisha tairi pana katika ringi nyembamba, midomo yake huvutwa pamoja na mgongo wake huinuka kama paa la nyumba. Ukienda moja kwa moja, unakanyaga kwa ncha. Ukilala kwenye kona, pikipiki huanguka upande ghafla badala ya kulala taratibu. Huenda pia tairi likagusa cheni au mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma. Kwa hiyo aliyenunua upana kwa ajili ya kushika barabara, mara nyingi hupata mshiko mdogo kuliko aliokuwa nao. Kama kitabu cha pikipiki kinasema 130, basi 130 ndiyo ifaayo. Kupanda hatua moja hadi 140 kunaweza kukubalika ikiwa mtengenezaji wa tairi mwenyewe ameitaja ringi ya upana wako katika orodha yake. Zaidi ya hapo ni mapambo ya hatari.

Mtindo wa zamani na radiali

Tairi la kale huundwa kwa nyuzi zilizolazwa kimshazari, safu moja ikipishana na nyingine kama ukindu wa mkeka. Tairi la radiali huundwa kwa nyuzi zinazotoka mdomo mmoja hadi mwingine moja kwa moja, kisha mishipi hupitishwa juu yake kuzunguka mgongo. Michelin waliandikisha uvumbuzi huo mwaka 1946 kwa ajili ya magari, lakini katika pikipiki za barabarani radiali ilianza kuonekana katikati ya miaka ya 1980. Utaitambua kwa herufi R mahali penye kistari: 130/80R18.

Radiali hupata joto kidogo na ubavu wake hulegea zaidi. Je, si bora basi kuiweka katika pikipiki ya zamani? Jibu ni kwamba fremu na springi za pikipiki ile zilipimwa zikiwa na tairi la nyuzi za mshazari, lenye ubavu mgumu ambao wenyewe hufanya kazi kidogo ya springi. Ukibadilisha mtindo, unabadilisha tabia ya chombo kizima. Yako matairi ya radiali yaliyotengenezwa makusudi kwa pikipiki za kale na ringi zake nyembamba, kama vile ClassicAttack ya Continental, na hayo yanafaa pale saizi inapopatikana. Ambalo halifai ni kuchanganya kwa kubahatisha, mbele radiali na nyuma mshazari. Pikipiki chache zilitoka kiwandani na mchanganyiko, lakini hizo kitabu chake kitakueleza.

Habari njema ni kwamba kuvaa tairi la mtindo wa zamani si kurudi nyuma. Viwanda vinaendelea kuyatengeneza katika saizi za kale kwa mpira wa kisasa. Bridgestone walitoa BT-46 mwaka 2020 ichukue mahali pa BT-45 iliyotumika kwa miaka mingi, na Michelin wana Road Classic. Umbo ni la miaka ile, lakini mpira wenyewe hushika lami yenye maji vizuri kuliko tairi lolote alilokuwa nalo mnunuzi wa mwaka 1984. Kwa hiyo yule anayeambiwa kwamba saizi yake "ilikwisha zamani" asikate tamaa. Aghalabu haikwisha, duka lile ndilo lisilokuwa nayo. Kuagiza na kungoja majuma machache ni afadhali kuliko kuondoka na kisichofaa.

Tairi jipya lililozeeka

Tumefika mahali ambapo wengi huponzwa. Saizi inapokuwa adimu, tairi huweza kukaa dukani miaka mingi. Halijakanyaga barabara, meno yake yamejaa, ni jeusi, linang'aa. Muuzaji naye husema bila nia mbaya, "Mzee, tairi hili ni jipya kabisa. Tazama, hata vinyweleo vyake havijakatika." Mnunuzi mwerevu hujibu, "Vizuri, kijana wangu. Sasa nionyeshe lilizaliwa lini."

Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, halafu ufuate mpaka ukute namba nne za mwisho. Mbili za kwanza ni juma na mbili za pili ni mwaka. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu badala ya nne, tairi hilo liliundwa kabla ya mwaka 2000. Hilo ni la makumbusho, si la barabara.

Mpira huzeeka hata usipotumika. Mafuta yaliyomo ndani yake hupungua, jua na hewa huukausha, nao huwa mgumu kama soli ya kiatu kilichosahaulika darini. Meno yanabaki marefu, lakini mshiko umekwenda. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka mitano, na litupwe likifika miaka kumi tangu kuundwa, hata kama meno yapo. Mwenye pikipiki ya zamani ndiye hasa anayehusika na shauri hili, kwa sababu pikipiki yake hutoka Jumapili tu. Mpanda bodaboda humaliza tairi kabla halijazeeka. Huyu wa Jumapili huzeesha tairi kabla halijaisha.

Bonyeza mpira kwa ukucha. Kama ukucha hauingii hata kidogo, tilia shaka. Kunja ubavu, utazame kama kuna nyufa ndogo kama za udongo uliokauka. Zikiwapo, usilichukue hata ukipewa bure. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kuhusu lile ulilonalo tayari, tazama vijinundu vilivyomo ndani ya mifereji: meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Tazama pia umbo. Aliyezoea njia iliyonyooka kama ile ya Mombasa hula mgongo wa tairi ukawa bapa, mabega yakabaki. Tairi kama hilo hukataa kuingia katika kona, kisha huanguka upande kwa kishindo.

Siku ya kulivaa

Nunua mawili kwa pamoja ukiweza, ya kiwanda kimoja na aina moja, kwa maana yalijaribiwa pamoja. Tairi lina mshale. Hakikisha fundi ameufuata. Hakikisha pia kwamba tairi la mbele limewekwa mbele. Vali ibadilishwe, kwani kipande hicho cha mpira kina umri wa tairi lililotoka. Gurudumu lipimwe usawa na kutiwa risasi panapohitajika. Ringi za spoku kwa kawaida hutaka tyubu, na tyubu iwe mpya.

Kisha mpandaji awe na subira. Tairi jipya lina utelezi juu yake. Kilomita 150 za kwanza ni za kwenda pole, ukilala katika kona kidogo kidogo mpaka mabega yapate kukwaruzika. Wapo walioanguka katika mzunguko wa kwanza wa barabara baada ya kutoka gereji, matairi yao yakiwa mapya kabisa.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa kufuata kitabu cha pikipiki na si namba kubwa iliyo ubavuni, ambayo ni ya kikomo. Hapa kwetu liko jambo la kukumbuka. Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Ukijaza ratili 36 Nairobi, ukifika Mombasa kipimo kitasoma pungufu ya ratili mbili na nusu hivi ijapokuwa hakuna upepo uliotoka. Joto la pwani nalo hurudisha sehemu, kwani kila nyuzi 10 za joto huongeza ratili moja na nusu au zaidi. Njia iliyo salama ni kulala, kisha upime tena asubuhi kabla jua halijapanda na kabla hujaondoka.

Mwenye pikipiki ya zamani amekwisha kuonyesha kwamba anajua kutunza. Amehangaika na kabureta, amesafisha tangi, ametafuta taa ya nyuma kwa mwaka mzima. Itakuwa huzuni kubwa ikiwa kazi yote hiyo itaharibika kwa sababu ya tairi lililonunuliwa kwa haraka Jumamosi jioni. Kabla ya kutoa pesa, soma ringi, soma kitabu, soma namba nne za ubavuni. Na muuzaji akikosa kukujibu mojawapo, mshukuru kwa upole, uende duka la pili.